Uliza Maabara: Malaria tano ni ndogo kuliko malaria tatu

Toleo lililopita niliandika hapa kwamba Wizara ya Afya ingefanya jambo la maana kama ingeketisha baraza la ushauri la watu wa maabara, madaktari, wauguzi na wenzetu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, wakubaliane majina ya vipimo na namna ya kuandika majibu, kisha kila maabara iandike hivyohivyo, iwe ya serikali, ya misheni au ya mtu binafsi. Barua zimemiminika. Wapo waliosema amina, na wapo walionishauri nile pensheni yangu nikae kimya. Leo nimechukua hasa zile zilizokuja na picha za karatasi za majibu, maana penye karatasi ubishi hupungua. Majina nimeyaficha, ndiyo desturi ya ukurasa huu.

Imetoka tatu imefika tano

"Shikamoo Bibi. Mwanangu wa miaka minne alishikwa na homa. Zahanati wakampima, wakaniambia ana malaria tatu, tukapewa dawa ya mseto na akaimaliza. Homa ikatulia, kisha ikarudi. Nikampeleka maabara ya mtaani, majibu yakatoka malaria tano. Jirani anasema dawa za serikali zimechakachuliwa. Nimpe mseto tena? Mama, Muheza."

Marahaba mwanangu. Mseto usimpe tena kwa kuamua mwenyewe, na jirani mwambie apunguze maneno. Twende kwenye karatasi.

Ya zahanati imeandikwa "BS: MPs +++". Ya mtaani imeandikwa "MPS 5/200 WBC". BS ni kioo cha damu, MPs ni vimelea vya malaria, WBC ni seli nyeupe za damu. Pale dirishani ya kwanza umesomewa "tatu" na ya pili "tano", nawe umelinganisha, kama ambavyo yeyote mwenye akili zake angelinganisha. Tatizo ni kwamba namba hizo hazihesabu kitu kimoja.

Alama za kujumlisha ni makadirio. Fundi anaweka tone nene la damu kwenye kioo, linakauka, analitia rangi ya Giemsa, anadondoshea mafuta na kuangalia kwa lenzi ya mia. Anachotafuta ni pete ndogo ya bluu yenye kidoto chekundu. Akiona vimelea 1 hadi 10 baada ya kupitia maeneo 100 ya kioo, anaandika alama moja. Vikiwa 11 hadi 100 katika maeneo hayo 100, alama mbili. Vikiwa 1 hadi 10 katika kila eneo moja analotazama, alama tatu. Vikizidi 10 kwa kila eneo, alama nne, na hapo ndipo mwisho, hakuna ya tano. Kwa hiyo "malaria tatu" haina maana ya wadudu watatu. Ni kama vimelea 500 hadi 5,000 katika mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni kiasi ambacho hata hukioni vizuri kwenye ncha ya sindano.

Karatasi ya pili ni hesabu yenyewe. Fundi amehesabu seli nyeupe mpaka zikafika 200, na kila alipokutana na kimelea akakibonyeza kwenye kihesabio cha pembeni. Amepata 5. Mazoea ya kazi ni kuchukulia kwamba mikrolita moja ina seli nyeupe 8,000, basi 5 gawanya kwa 200, zidisha kwa 8,000, unapata vimelea 200. Mtoto wako kateremka kutoka si chini ya 500, pengine maelfu, mpaka 200. Malaria tano yake ni ndogo kuliko malaria tatu yake.

Hata hivyo, dozi ikishamalizika na homa ikarudi huku vimelea vinaonekana, hilo ni la daktari. Nenda na karatasi zote mbili na mwambie tarehe uliyoanza dawa, saa ulizompa, na kama alitapika baada ya kumeza. Akipata degedege, akashindwa kunywa, akawa anatapika kila kitu au akalegea, usisubiri asubuhi.

Na kama huko mtaani wangempima kwa kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, mRDT, ungechanganyikiwa zaidi. Kile hakitafuti mdudu. Kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyekwisha kupona bado anaweza kuonyesha mistari miwili. Kwenye karatasi nyingi nilizotumiwa fundi ameandika "Malaria: positive" na kuishia hapo, hasemi ni kioo au ni kipimo cha haraka. Daktari wa pili afanyeje?

Shirika la Afya Duniani linahimiza kuhesabu vimelea kwa mikrolita badala ya alama za kujumlisha. Alama zimedumu kwa sababu ni za haraka, na mimi niliyekalia kile kigoda Jumatatu ya msimu wa mvua, foleni imefika getini, siwezi kujifanya sijui kwa nini fundi anazipenda. Aendelee nazo kwenye daftari lake akitaka. Kwenye karatasi ya mgonjwa, baraza langu hilo lingezipiga marufuku.

NFS, GE na shemeji wa Kalemie

"Bibi, salaam. Nafanya biashara hapa Kigoma. Shemeji yangu alivuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, akiwa mgonjwa, ana karatasi za vipimo zimeandikwa NFS na GE. Hapa wakasema vipimo hivyo hawavijui, alipe FBP na BS. Baadaye mtu wa Bujumbura akaniambia ni vilevile. Tumeibiwa?"

Ni vilevile. GE ni goutte épaisse, Kifaransa cha lile tone nene nililomweleza mama wa Muheza hapo juu, ambalo sisi tunaliandika BS. NFS ni kuhesabu seli za damu kwa aina zake. Kipimo hicho Tanzania tunakiita FBP, picha kamili ya damu (wapo wazee wanaoomba waonyeshwe hiyo picha, na hawana kosa). Kenya wanaandika FHG. Marekani ni CBC, Uingereza ni FBC. Mashine ni zilezile, zinanyonya tone lilelile, na karatasi inayotoka tumboni mwake imeandikwa WBC, HGB, PLT kila mahali. Ukishavuka ziwa tu jina linabadilika na pesa inatoka upya.

Kuhusu kuibiwa, sisemi hivyo. Damu ya juzi si damu ya leo. Seli nyeupe hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na mgonjwa aliyesafiri na homa mara nyingi anastahili kupimwa upya. Wangekwambia "tunarudia kwa sababu hali imebadilika" nisingekuwa na neno. "Hatuvijui" ndiyo inayoniudhi, maana maana yake ni kwamba karatasi ya Kalemie haikusomwa kabisa. Hata kulinganisha kama damu inapungua au inaongezeka hawakuweza.

Dunia imekwisha kutafuta dawa ya jambo hili. Tangu 1994 kuna orodha inaitwa LOINC, ilianzishwa Indiana, Marekani, inayokipa kila kipimo namba yake. Hemoglobini kwenye damu, ikipimwa kwa uzito katika ujazo, ni 718-7, uiite kwa Kifaransa, Kiingereza au Kimanyema. Namba haitolewi kwa jina peke yake: wanauliza kimepimwa nini, kwenye sampuli gani, kwa kizio, yaani kipimio, cha namna gani, na pale inapobidi kwa njia gani. Sukari ya damu na sukari ya mkojo zina namba tofauti, na ndivyo inavyotakiwa. Baraza likikaa sitaki litunge jina la sita la FBP. Lichague moja kati ya yaliyopo, liweke namba pembeni yake, lifunge mjadala. Kigoma, Kalemie na Bujumbura watasoma namba hata wakigombana juu ya jina.

Figo ya baba kutoka 1.4 hadi 124

"Shikamoo Bibi. Baba alitibiwa Chennai, India. Karatasi za huko zinasema sukari 126, kreatinini 1.4. Tumerudi Dar es Salaam, mashine yetu ya nyumbani inasoma 7.0 na maabara imeandika kreatinini 124. Sukari imeshuka mno na figo zimekufa? Mama halali usiku."

Marahaba binti yangu. Mwambie mama alale. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kipimio.

India, kama Marekani, maabara nyingi hupima sukari kwa miligramu katika desilita. Sisi tunatumia milimoli katika lita. Gawanya ya India kwa 18: 126 inakuwa 7.0. Ni sukari ileile. Kreatinini, yaani kile kipimo cha figo, ya India izidishe kwa 88.4: 1.4 inakuwa 124 kasoro kidogo, kwa mikromoli. Figo ile ile. Iko juu kidogo ya kawaida ya maabara nyingi na daktari wake aendelee kuifuatilia, lakini haijapanda mara tisini. Na hiyo 7.0, kama ilichukuliwa asubuhi kabla ya kula, ndipo mpaka wa kisukari unapoanzia, kwa hiyo nayo isisahauliwe kwa furaha ya kugundua kwamba ni ileile.

Picha ulizonituma nimezikuza. Maabara ya Chennai imeandika kizio mbele ya kila namba na kiwango cha kawaida pembeni. Ya Dar imeandika "Creatinine 124" kwa kalamu, basi. Hapa ndipo damu yangu inapochemka, na presha ninayo. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kwamba nchi zihamie vizio vya kimataifa, yaani hizo moli. Wengine wakahama, wengine wakabaki na miligramu zao, wengine wakahama nusu. Tunaishi na vyote viwili, sawa, lakini basi kizio kiandikwe! Fikiria simu ya usiku: "Baba sukari yake ni ishirini." Kwa milimoli, sukari hiyo ni ya juu sana na anahitaji insulini. Kwa miligramu, huyo mtu anakufa kwa kukosa sukari, na insulini itammalizia. Namba ni ileile, ishirini.

Hemoglobini ina mchezo huohuo, 12 kwa gramu za desilita, 120 kwa gramu za lita. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, nacho kuna wanaokiandika 6.5 kwa asilimia na wanaokiandika 48. Mkipewa karatasi yenye namba tupu, irudisheni dirishani palepale muombe kizio kiandikwe. Si ukorofi, ni haki ya anayelipa na asiyelipa.

"Mnasumbua watu na maneno ya kamusini"

"Nyanya, kwa heshima. Nasomea udaktari hapa Eldoret. Masomo yetu ni ya Kiingereza, mashine ni za Ujerumani na Uchina, miongozo ni ya WHO. Baraza lenu likikaa litazaa maneno ya kamusini ambayo mgonjwa hayajui. Mgonjwa anajua presha, sukari na kansa. Kiingereza cha udaktari kimeshasanifishwa, mbona tusibaki nacho?"

Bwana mdogo, barua yako ni nzuri na nusu yake nakubaliana nayo. Niruhusu nianze na ile nusu nyingine.

Kiingereza cha udaktari kimesanifishwa, sawa, lakini na nani? Na mabaraza. Orodha ya kwanza ya kimataifa ya sababu za vifo ilipitishwa Chicago mwaka 1893, ameiandaa Mfaransa, Jacques Bertillon, mtu wa takwimu. WHO wakaichukua 1948, na wakati huo ikabeba magonjwa pia, si vifo peke yake. Toleo la 11 lilipitishwa 2019 na kuanza kazi rasmi tarehe 1 Januari 2022. Katikati hapo ni vikao juu ya vikao. Mwaka 2013 WHO waliacha kumwita mgonjwa "mshukiwa wa TB", maana mtu mwenye kikohozi hajaiba kitu, wakaweka neno la kusema kwamba anadhaniwa kuwa nayo. Februari 2020 walikaa wakatoa jina COVID-19. Novemba 2022 walikaa tena wakasema ndui ya nyani iitwe mpox. Na kwa vipimo hasa, mwaka 2018 jopo lao la washauri wa vipimo vya maabara lilitoa orodha ya kwanza ya vipimo muhimu, 113. Kwa hiyo unachokiona kimetulia, kuna watu walikigombania mezani wakinywa kahawa. Sisi tukikaa mezani mnasema tunasumbua.

Na sisi si wageni wa kazi hii. BAKITA, yaani hilo Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na miongoni mwa kazi zake tangu hapo ni kushirikiana na wahusika kupata istilahi sanifu za kila fani. Zanzibar wana baraza lao, BAKIZA. Afrika Mashariki nzima ina Kamisheni ya Kiswahili, makao yake Zanzibar. Vyombo vipo. Ninachotaka ni vikalishwe meza moja na watu wanaoshika sirinji.

Mfano ninao, nao nimeuona kwa macho. Ugonjwa ulipoingia Kagera mwaka 1983 watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavushwa kutoka Uganda. Leo hakuna mtoto anayejua Juliana. Anajua UKIMWI, neno lililotungwa na watu waliokaa wakafikiri. Halafu ikaja VVU kutenganisha kirusi na ugonjwa, na utengano huo si wa kupamba: mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake anaweza kuzeeka asiuone UKIMWI. Kadi za kliniki zimeandikwa VVU. Lakini sikiliza watu kwenye daladala, bado wanasema "nimeenda kupima ukimwi", na kipimo kinachotafuta kingamwili za VVU, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, hakipimi UKIMWI. Neno la kwanza lilishinda kwa sababu redio ililisema kila siku na bango lililiandika kila zahanati. La pili lilichelewa kupata redio.

Sasa ile nusu yako. Ni kweli kwamba baraza linaweza kutunga, likachapa kijitabu, kijitabu kikafungiwa kabatini. Nimeviona vijitabu hivyo, vingine vizuri kabisa, chini ya maboksi ya glavu. Ndiyo maana sitaki baraza la kutunga peke yake. Kwanza, kazi kubwa ni kuchagua, wala si kubuni. Presha waiache presha. Sukari waiache, na kisukari kiwe jina la ugonjwa. Saratani na kansa zimeshaoana. Pili, uamuzi usiishie kwenye kitabu, uingizwe mahali ambapo hauwezi kukwepwa: kwenye orodha ya vipimo ndani ya GoTHOMIS, ile programu ya hospitali za serikali, kwenye madaftari ya MTUHA, yale ya takwimu za vituo vya afya, kwenye lebo za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ambavyo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inavisajili, na kwenye fomu ya mkaguzi wa Bodi ya Maabara Binafsi, kwamba asipoona kizio na njia ya kupimia kwenye karatasi ya majibu, anaandika kasoro. Hapo fundi hatahitaji kukumbuka kitu. Atachagua kwenye kioo cha kompyuta na karatasi itatoka sawasawa.

Tatu, Kiingereza chenu wala sikigusi. Daktari amwandikie daktari mwenzake anavyotaka. Mimi naizungumzia nusu ya chini ya karatasi, ile anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani. Katiba yenu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Mgonjwa wa Kitale ana haki ya nusu karatasi.

Na kwenye hilo baraza nataka awepo mtu mmoja wa mapokezi. Maprofesa watakataa, lakini yule dada wa dirishani ndiye anayewasomea watu majibu, na ndiye aliyezaa "malaria tatu".

Hasi inamliza, chanya inamfurahisha

"Bibi, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mbarali. Nikimwambia mtu majibu yako ni hasi, uso unamshuka. Nikimwambia chanya, anashukuru Mungu. Nitumie neno gani?"

Usitumie lolote kati ya hayo mbele ya mgonjwa, yaachie daftari. Taja kilichotafutwa na useme kama kimeonekana: "Tumetafuta virusi vya homa ya ini B kwenye damu yako, havijaonekana." "Tumetafuta bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi, wameonekana, na dawa yake ipo." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini baada yake huulizwi tena.

Angalia pia nimesema "havijaonekana", sikusema "huna". Aliyeambukizwa VVU juzi damu yake bado haijatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana, inaweza kuchukua wiki kadhaa, ndiyo maana anaambiwa arudi. Ukishamwambia "huna", harudi.

Mchafuko wa damu

"Kipimo cha mchafuko wa damu kinaitwaje na ni shilingi ngapi? Mpangaji, Mbagala."

Hakipo. Wengine wakiona seli nyeupe zimepanda husema damu imechafuka, wengine humaanisha kaswende, wengine chunusi. Aliyekwambia hivyo arudi aseme alikuwa anatafuta nini. Jina la namna hii ndilo ghali kuliko yote, kwa sababu linatibiwa kwa dawa yoyote iliyopo dukani.

Taifodi sugu ya dereva wa Singida

"Shikamoo Bibi. Naendesha bodaboda. Nimepimwa Widal: O 1:80, H 1:160. Duka la dawa wanasema ni taifodi sugu, na hii si mara ya kwanza, kila nikipima ipo. Sipro nimemeza mpaka tumbo limechoka. Kuna dawa kali zaidi?"

Marahaba. Usitafute kali zaidi, kwanza tujue kama taifodi yenyewe ipo.

Kipimo hicho kina jina la Fernand Widal, daktari wa Paris, aliyekitoa mwaka 1896. Hakimwoni bakteria. Kinaangalia kama damu yako ina kingamwili zinazowagandisha bakteria wa taifodi waliouawa na kuwekwa kwenye chupa. Namba 1:80 maana yake seramu yako imezimuliwa mara 80 na bado inagandisha. Sasa, mahali kama kwetu ambapo taifodi na jamaa zake wapo kila msimu, watu wengi wazima wana kingamwili hizo mwilini kutokana na maambukizi ya zamani au ya bakteria wanaofanana nao. Ukipima leo zipo, ukipima baada ya miezi zipo. Ndiyo hiyo wanayoiita sugu. Hakuna karatasi ya maabara yenye jibu "taifodi sugu". Hilo limeandikwa na duka.

Widal moja peke yake, bila dalili na bila kingine cha kulinganisha, haitoshi kumtia mtu kwenye dawa. Kipimo chenye kusema kweli zaidi ni kuotesha damu: damu yako inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inakaa kwenye joto siku kadhaa, akiota anajulikana jina, na anajaribiwa dawa ipi inamuua. Kinatakiwa kichukuliwe kabla hujameza antibayotiki, jambo ambalo wewe umeliharibu kila safari kwa kupitia dukani kwanza. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiko pa kuanzia kuuliza.

Homa ikikurudia, nenda huko bila kumeza sipro. Daktari atataka kujua ilianza lini, inapanda wakati gani, unakunywa maji ya wapi na umemeza dawa gani mwaka huu. Yaandike kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani, na majina ya dawa uyanakili kwenye boksi, usiseme "vile vidonge vyeupe".